Fundi anayepima sauti kwa sikio lililobaki

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Jua limeshafika kwenye mabati ya maduka, na mwanamke mmoja anavuta meza yake hatua mbili nyuma kuufuata uvuli. Juu ya meza kuna chuma cha kulehemu, koili ya risasi ya kulehemea, mita yenye waya mbili, bisibisi tatu na kopo la vidonge lililojaa vitu vidogo kama punje za mchele.

Mbele yake kuna boksi la mbao lenye ukubwa wa redio ndogo. Ubavuni limechorwa sikio la kijani. Analigeuza, anafungua skrubu nne, anainua kifuniko na kuchungulia. Halafu anasonya.

"Haya, njoo uone mwenyewe," anamwambia mwenye boksi, kijana mrefu mpiga gitaa la besi. "Unaiona hii waya nyekundu? Imetoka kwenye spika ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye tundu la hedifoni. Katikati hakuna kitu. Hakuna!"

"Sasa katikati palitakiwa pawe na nini, dada?"

"Huruma," anajibu, na hacheki.

Hili ni boksi la ishirini na nne. Mengine kumi na saba bado yapo mitaani, kwenye vyumba asivyovijua, na mtu yeyote anaweza kuyavaa masikioni jioni ya leo.

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na moja. Mtaani anaitwa Sikio Moja, na akiitwa hivyo anaitika. Kazi yake ni kutengeneza redio, pasi na feni, lakini anachojulikana nacho ni amplifaya ndogo za gitaa anazozitengeneza mwenyewe kuanzia waya ya kwanza. Boksi la mbao, spika moja, betri, na matundu mawili: moja la gitaa, jingine la hedifoni.

Tundu la hedifoni ndilo lililompa wateja. Wapiga gitaa wengi wanaishi vyumba vya kupanga, na ukuta wa chumba cha kupanga haufichi hata chafya. Ukichomeka hedifoni kwenye boksi lake, ulimi mdogo wa bati ndani ya tundu unainuka, spika inanyamaza, na mpigaji anabaki na gitaa lake kichwani. Jirani analala. Mtoto wa jirani analala. Hakuna anayegongewa mlango.

"Spika inataka nguvu kwa sababu inasukuma hewa ya chumba kizima," anaeleza. "Sikio halisukumi kitu, ni kangozi tu. Kwa hiyo kabla sauti haijafika kwenye hedifoni naipitisha kwenye hivi." Anachota punje mbili kwenye kopo na kuziweka kiganjani. Zina mistari ya rangi kiunoni. "Rizista. Moja ya kulia, moja ya kushoto. Kazi yake ni kuizuia sauti isiingie na viatu."

Rizista moja haifikii bei ya pipi. Kwa boksi zima, usalama wa masikio ya mtu ni bei ya pipi mbili.

"Uandike hivyo," anamwambia mwandishi wa habari hii, na sauti yake inapanda. "Pipi mbili! Mtoto wa mtu ameharibiwa sikio kwa ajili ya pipi mbili."

*

Sikio lake la kushoto lilikufa alipokuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anajifunza kazi kwa fundi mmoja wa redio, mzee aliyekuwa na wanafunzi watano, wanne wanaume na yeye. Siku hiyo alikuwa amemaliza amplifaya yake ya kwanza. Aliunganisha kila kitu, akakagua mara mbili, akachomeka hedifoni na kuivaa upande mmoja, kwa sababu sponji ya upande wa pili ilikuwa imetoka. Akazungusha voliumu mpaka mwisho wa chini, akachapa nyuzi.

Voliumu ina miguu mitatu ya kuunganishia waya. Miguu ya pembeni inafanana kama mapacha, na ukiigeuza, kila kitu kinageuka: chini inakuwa juu. Alikuwa ameigeuza. Yeye alidhani ameizima sauti, kumbe ameifungua yote.

"Ilikuwa kama nimepigwa kofi kutokea ndani," anasema. "Nikaanguka na kiti. Nikadhani waya imelipuka. Nikaangalia, hakuna moshi, kila kitu kizima. Mimi ndiye nilikuwa mbovu."

Anaendelea kulehemu huku akizungumza. Moshi mwembamba unapanda, anaupuliza pembeni.

"Unajua mzee alisema nini? Alisema, 'Angalau inafanya kazi.' Akacheka. Na wale wanne wakacheka. Kesho yake akaniita, 'Sikio Moja, lete bisibisi.' Jina ndilo hilo mpaka leo. Mlio uliobaki sikioni nimeuzoea. Kile kicheko sijakizoea."

Alipofungua kazi yake mwenyewe alilichukua jina lile na kuligeuza kuwa alama. Kila boksi linalotoka mikononi mwake huchorwa sikio kwa kidole kilichochovywa rangi ya kijani. Hakuna masikio mawili yanayofanana: moja nene, moja limepinda, moja limetiririka kidogo chini kama limevaa hereni.

Alijiwekea pia utaratibu ambao haujawahi kuvunjwa. Boksi likiisha, hedifoni kwanza inalazwa mezani, voliumu inafunguliwa, na yeye anasikiliza akiwa mbali kama urefu wa mkono. Kama mlio unasikika kutoka mezani, anafungua tena boksi. Kama ni kimya, hedifoni inakwenda shingoni, gitaa linapigwa, voliumu inapanda na kushuka. Shingo ikikubali, ndipo inakwenda sikioni. Mezani, shingoni, sikioni.

Na sikio lenyewe ni lile la kulia, lililobaki.

"Watu wananiambia nina kichaa, si ningejaribu na lile lililokufa! Lililokufa litaniambia nini? Kama siwezi kulitia langu moja humo ndani, kwa nini wewe utie yako mawili?"

Anaishi na mama yake mzazi kwenye chumba kimoja na sebule. Meza ya kazi iko chini ya dirisha, na kiti cha mama kinahamahama. Mama ana miaka sabini na kidogo na ulimi ambao haujazeeka.

"Nikitaka kumwomba kitu nakaa kulia kwake," anasema mama. "Nikitaka kumsema nakaa kushoto. Namsema mpaka naridhika, na amani nyumbani inabaki."

"Nakusikiaga, mama."

"Unasikia nini? Kula kwanza."

Kwa mwezi Sikio Moja anaweza kumaliza maboksi manane, kumi akijikaza. Boksi moja linawalisha yeye na mama siku nne. Kodi ya nyumba inatoka kwenye pasi na feni za watu. Si maisha ya kujisifia, anasema, lakini miaka ishirini hakuna mtu aliyewahi kumrudishia boksi kwa ubaya.

Mpaka miezi mitatu iliyopita.

*

Aliyeingia mlangoni siku hiyo alikuwa fundi cherehani, mama wa mtoto mmoja, anayeshonea mtaa wa tatu kutoka hapo. Hakubisha hodi. Aliliweka boksi mezani kwa kishindo hadi bisibisi zikaruka.

"Wewe ndiye Sikio Moja?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Sijaja kukaribishwa! Umemfanya nini mwanangu?"

Binti yake ana miaka kumi na tano. Mjomba wake alimpa gitaa, na mama akajibana akamnunulia boksi lenye sikio la kijani, kwa sababu mtaani kila mtu alimwambia sikio la kijani ndilo lenyewe. Hedifoni aliyokuwa nayo binti ilikuwa nzima upande mmoja tu, wa kulia. Akavaa, akafungua voliumu nusu, akapiga.

"Alipiga ukelele nikadhani nyoka," anasema fundi cherehani. "Tangu siku ile anasema kuna mbu ndani ya sikio. Mchana mbu, usiku mbu. Daktari amempima, anasema usikivu umeshuka, utarudi kidogo au hautarudi, na huo mlio unaweza kwisha, unaweza usiishe. Sasa hilo ni jibu gani la kumpa mzazi?"

Sikio Moja hakujitetea. Alichukua bisibisi na kufungua boksi mbele yake. Alichokiona kwanza ni kwamba waya hazikuwa na fundo. Yeye hufunga kila waya fundo dogo kabla ya kuilehemu, ili hata ikivutwa isichomoke. Hizi zilikuwa zimenyooka kama uzi wa kushonea.

Kisha akaona zile rizista mbili hazipo. Akaligeuza boksi na kulitazama vizuri sikio la ubavuni. Lilikuwa zuri mno. Lilipakwa kwa karatasi iliyokatwa, kingo zake safi kama za kopo la dukani.

"Mama," alimwambia, "hili si langu. Lakini najua ni la nani. Na aliyemfundisha ni mimi."

*

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomnyima raha mpaka leo.

Mwaka jana mwenye duka moja la vyombo vya muziki, duka kubwa la kioo lililopo ng'ambo ya barabara kutoka ilipo meza yake sasa, alimwagiza maboksi thelathini. Yakaisha yote. Alipokuja mara ya pili alikuja na malalamiko: wateja wanasema sauti ya hedifoni ni ndogo. Akauliza kwa upole kabisa, ni kitu gani humo ndani kinachoipunguza?

"Nikafungua kifuniko," anasema Sikio Moja. "Nikamwonyesha kwa kidole changu hiki hiki. Nikamwambia, ni hizi mbili hapa, bosi, zinalinda masikio. Nilidhani akielewa atazithamini. Mjinga mimi! Nilimwonyesha mwizi mlango ulipo."

Baada ya hapo mwenye duka hakurudi. Aliyeleta habari ni seremala anayemkatia Sikio Moja mbao. Siku moja alimpongeza kwa oda kubwa: maboksi hamsini kwa mkupuo! Oda hiyo hakuwa ameitoa yeye; ilitoka kwa mwenye duka.

Siku ile ile ya boksi la binti, wanawake hao wawili walikwenda dukani pamoja, mmoja na boksi, mwingine na cheti cha daktari. Dukani kulikuwa na wateja kama sita. Kwenye rafu yalikuwa yamebaki maboksi tisa, yote na sikio la kijani, yote pacha.

"Hii alama ni yangu," alianza Sikio Moja.

"Mchoro wa sikio? Kila mtu ana sikio," alijibu mwenye duka. "Wewe mwenyewe ndiye mwenye upungufu."

Mteja mmoja alicheka. Mwingine akamtazama yule aliyecheka mpaka akanyamaza.

"Na rizista ziko wapi, bosi?"

"Dada yangu, wateja walitaka sauti. Lako linanong'ona kama mgonjwa. Mimi nimewapa walichokitaka. Biashara ndiyo hiyo."

Sikio Moja hakupiga kelele. Alichukua boksi kwenye rafu, akachukua gitaa lililokuwa limetundikwa, akachomeka, akachomeka na hedifoni na kuilaza juu ya meza ya kioo. Akafungua voliumu yote na kupiga nyuzi sita kwa pamoja.

Hedifoni ilitikisika kama kitu kilicho hai. Mlio wake ulisikika hadi mlangoni. Mlinzi aligeuka.

Ndipo akainyanyua na kumnyooshea mwenye duka kwa mikono miwili.

"Vaa, bosi."

"Nivae nini?"

"Si ndicho walichokitaka wateja? Vaa wewe kwanza. Nitapiga taratibu."

Mwenye duka alirudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Mwanangu aliivaa!" alipasuka fundi cherehani. "Ana miaka kumi na tano na aliivaa! Wewe mwanaume mzima na kitambi chako unaogopa nini?"

Hakuivaa. Wateja wawili walitoka bila kununua. Kabla ya jioni yale maboksi tisa yalikuwa yameondolewa kwenye rafu. Hayo ndiyo yote yaliyofanyika.

Alipoulizwa na mwandishi wa habari hii, mwenye duka alisema amesitisha kuuza bidhaa hiyo "kwa sababu za kibiashara." Kuhusu arobaini na moja yaliyokwishauzwa, alisema hana daftari la wateja na hawezi kugonga mlango wa kila mtu. Kuhusu binti, alisema anamwombea. Akaomba radhi, ana mgeni, na mlango wa kioo ukajifunga wenyewe polepole, kama milango ya maduka hayo inavyofanya.

*

Kwa hiyo kila Jumamosi, tangu wiki iliyofuata, Sikio Moja anabeba meza yake na kuiweka ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na duka. Umeme anaupata kwa kinyozi. Mbele ya meza kunaning'inia kitambaa kilichoshonwa herufi kubwa za vipande vya nguo, kazi ya fundi cherehani: LETE BOKSI LENYE SIKIO. NI HATARI. NATENGENEZA BURE.

Wiki ya kwanza mlinzi wa duka alitumwa kumwondoa.

"Mama, bosi anasema unamharibia biashara."

"Mwambie mimi simharibii, namrekebishia. Halafu wewe mwenyewe, nasikia bosi alikupa boksi la mwanao; uliliuza au bado unalo?"

Mlinzi alikuwa bado analo. Alilileta baada ya zamu, kwenye mfuko mweusi, akitazama nyuma. Likawa boksi la nne.

Si wote wanaoshukuru. Wengine wanasonya wakiona jinsi hedifoni inavyoshuka sauti. Leo yule kijana wa besi ameivaa, amepiga, amekunja uso.

"Dada, umeniibia! Kwanza ilikuwa inaniingia mpaka kwenye meno."

"Nimekuibia kelele nikakuachia sikio. Lete boksi nikurudishie kelele, uniachie sikio, utaona nani kapunjwa."

"Basi yaishe," anasema kijana, anacheka. Kisha anauliza, kwa sauti ya chini, kama ni kawaida mtu kusikia mlio mdogo akienda kulala.

Sikio Moja anaweka chini chuma cha kulehemu. Anamgeuzia sikio la kulia.

"Tangu lini?"

"Kama mwezi hivi."

"Nenda hospitali Jumatatu. Usiniambie utaenda. Nenda."

Kijana anapoondoka, fundi huyu anakichukua tena chuma chake. Anatazama mlango wa kioo ng'ambo ya barabara. Watu wanaingia, watu wanatoka.

"Kila ninalolifungua namwona mtu amelivaa," anasema. "Napata hasira mpaka risasi inanimwagikia kidole. Hasira kwake, hasira kwangu. Nilinyamaza pale walipocheka, nina miaka kumi na tisa. Sasa hivi sinyamazi. Atafunga duka kabla sijafunga meza."

Mpango wake ni mfupi. Kwanza, maboksi kumi na saba yaliyobaki, hata kama litakuja moja kwa mwezi. Kisha aina mpya ya boksi, ambalo tayari amelijaribu nyumbani mara mbili: rizista anazilehemu ndani ya tundu lenyewe la hedifoni na kuzizika kwenye gundi ngumu. Atakayetaka kuzing'oa itabidi alivunje tundu, na tundu likivunjika hedifoni haifanyi kazi kabisa.

"Sitamwonyesha tena mtu kitu kwa kidole," anasema. "Nitakifanya kisiwezekane kuondolewa, basi."

Saa sita kasoro, fundi cherehani anakuja na binti yake. Binti amevaa sare ya shule ingawa ni Jumamosi, na amelikumbatia boksi lile la kwanza kabisa, lililoletwa kwa kishindo. Lilirekebishwa siku nyingi zilizopita. Hajaligusa tangu hapo. Gitaa lenyewe liko nyuma ya kabati.

"Anataka kujaribu," anasema mama yake. "Kasema mwenyewe. Mimi sijamlazimisha, na nikisema kweli, sitaki."

"Kaa hapa kulia kwangu, nikusikie," Sikio Moja anamwambia binti. "Mbu yupo?"

"Yupo. Amepungua makelele."

Gitaa la kijana mpita njia aliyesimama kutazama linaazimwa. Hedifoni mpya, nzima pande zote mbili, inalazwa mezani. Binti anafungua voliumu yote yeye mwenyewe na kupiga nyuzi. Wanne wanainama kusikiliza. Meza iko kimya.

Sikio Moja anaichukua, anaining'iniza shingoni mwake, anapiga. Anaivaa, anafumba macho, anapiga tena kutoka chini mpaka juu. Anaivua na kumkabidhi.

Binti anaishika kwa vidole, kama kitu kinachoweza kung'ata. Anaivaa shingoni. Anapiga uzi mmoja. Anasubiri. Anapiga mwingine. Mama yake amegeuka upande wa pili, hatazami.

Vidole vya binti vinapanda mpaka kwenye sponji ya hedifoni, vinakaa hapo, kisha vinashuka.

"Leo naishia shingoni," anasema.

"Shingoni panatosha," anajibu Sikio Moja, na kwa mara ya kwanza asubuhi yote sauti yake imelainika. "Jumamosi ijayo mimi nipo hapa. Na ile nyingine nipo."

Halafu anageukia barabara, anavuta pumzi, na kuita kwa nguvu ili hata walio nyuma ya kioo wasikie:

"Ishirini na tano! Nani ana la ishirini na tano?"